Ukungu Haujali Kama Barabara Unaijua

Mwezi wa Juni, ukiondoka Tukuyu saa kumi na moja alfajiri kwenda Mbeya, safari huanza bila neno. Taa za mji unaziona, lami unaiona, migomba inapita kulia na kushoto kama siku zote. Unavuka Kiwira, unashusha gia, unaanza kupanda. Kisha, hujafika hata Isongole, mwanga wa taa zako unakurudia usoni. Hakuna mlima tena, hakuna bonde, hakuna kona. Kuna weupe tu, na kipande cha lami kinachotosha kutandika mkeka.

Njia hiyo nimeipita miaka mingi, na ninalotaka kukuambia msomaji wangu ni jambo moja ambalo mengine yote yanatoka humo: kwenye ukungu endesha kwa kile unachokiona, usiendeshe kwa kile unachokijua. Dereva mgeni akiingia kwenye ukungu huogopa, hupunguza mwendo, huinamia usukani. Mwenyeji ndiye wa kumwogopa. Anajua kona iko wapi, daraja liko wapi, na wapi panaponyooka, basi anakanyaga mafuta. Anachokijua ni kweli, barabara haijahama. Ila lori lililokatika ekseli saa tisa usiku katikati ya ule mnyooko hakulijua, wala ng'ombe aliyekata kamba, wala mama mwenye gunia la viazi kichwani anayewahi gari la sokoni.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwenyeji wa namna hiyo. Asubuhi moja nilikuwa nampeleka mama yangu hospitali Mbeya, miadi ya saa mbili. Ukungu ulitukuta tunapanda, mzito, na mbele yangu palikuwa na semi. Nikafurahi. Nikazishika zile taa zake mbili nyekundu, nikasema moyoni, huyu ndiye atakayenipeleka hadi Uyole. Nikakaza macho kwenye taa, nikaacha kuitazama barabara. Tulikwenda hivyo dakika kumi hivi, zile taa zikaanza kusogea kushoto taratibu, nami nikasogea nazo. Nilishtuka nilipoisikia kokoto chini ya matairi. Mama akasema, "Mwanangu, tunakwenda wapi?" Nilipokanyaga breki, chuma cha nyuma cha lile tela kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye boneti yangu. Dereva wa semi alikuwa amejitoa barabarani akakague tairi. Hakukosea chochote. Mimi ndiye niliyempa mtu nisiyemjua usukani wa gari lililombeba mama yangu.

Kwa hiyo usifuate taa za aliye mbele. Akiingia mtaroni, utaingia naye. Akisimama ghafla, utajua ukiwa umeshafika. Mwache aende mbele hadi taa zake ziwe alama ya mbali tu, na macho yako yarudi barabarani, kwenye mstari wa pembeni upande wa kushoto. Nasema wa pembeni, si wa katikati. Wengi hushika mstari wa katikati kwa sababu unaonekana vizuri zaidi, na anayekuja upande wa pili naye ameushika huo huo.

Kabla sijaendelea na gari, ni vizuri kuujua ukungu wenyewe, maana si wa aina moja na dawa zake hazifanani. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale upeo wa kuona unaposhuka chini ya kilomita moja. Ule wa mabondeni, kama wa Kabale kule Uganda au wa mabonde ya Mufindi na Njombe, hutokana na usiku mtulivu usio na mawingu. Ardhi hupoteza joto lake, hewa iliyoigusa hupoa, na mvuke uliomo hugeuka matone madogo yanayoelea. Huo ni mtoto wa usiku. Huwa mzito zaidi alfajiri na mara baada ya jua kuchomoza, kisha jua likipanda, saa tatu au saa nne asubuhi, unaona unanyanyuka kama shuka. Ukiwa na ukungu wa aina hii, dawa yake ni kunywa chai. Ahirisha kuondoka hadi jua lipande na utapita mahali hapo hapo ukiona kila jani.

Ukungu wa Rungwe, huu wa njia ya Tukuyu, mara nyingi ni mwingine. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Rungwe kiko mita 2,960. Hewa yenye unyevu ikisukumwa na upepo kutoka Kyela, chini kando ya ziwa, kupanda huku juu, hupoa karibu nyuzi moja kila mita mia moja, mpaka inashindwa kuubeba mvuke wake. Unachokiita ukungu pale Isongole, mtu aliye Kyela akitazama juu anakiita wingu. Uko ndani ya wingu lenyewe. Wingu hilo haliondoki kwa sababu jua limechomoza; linakaa mpaka upepo ugeuke, linaweza kukaa kutwa pamoja na manyunyu yake, na linakuja kwa mafungu: mita mia tano huoni, mita mia mbili unaona, kisha huoni tena. Wakenya wanaopita Limuru, Kimende na Kinale miezi ya Juni hadi Agosti wanayajua mafungu haya. Hapo ndipo watu huumia, kwenye ule upenyo wa mita mia mbili, kwa sababu dereva aliyebanwa muda mrefu akipata mwanya hukanyaga mafuta, na fungu linalofuata linampokea akiwa na kilomita 80. Ukipata mwanya, utumie kupumua. Usiutumie kufidia muda.

Sasa mwendo. Watu huniuliza, ukungu ukishuka niende kilomita ngapi? Siwezi kukupa namba moja, lakini ninaweza kukupa hesabu ambayo naitumia kila safari. Chagua kitu chochote kinachojitokeza mbele yako: nguzo ya daraja, kibao, shina la mti. Kikianza tu kuonekana, anza kuhesabu sekunde: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, elfu moja na nne. Ukikifikia kabla hujamaliza nne, unakwenda mbio kuliko macho yako. Punguza, kisha uhesabu tena.

Hesabu hiyo ina sababu. Gari likiwa na kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Kwenye lami iliyolowa, na ukungu hulowesha lami hata bila mvua, gari dogo lenye matairi mazuri linahitaji karibu mita 90 tangu uone hatari mpaka lisimame kabisa. Kwa kilomita 50 ni kama mita 37. Kwa kilomita 30 ni kama mita 17. Ukiwa unaona mita arobaini tu, kwa hamsini utasimama kwa shida, na hapo sijahesabu mteremko, matairi yaliyokwisha, wala uchovu. Mwenye lori lililobeba mzigo, hasa kwenye mteremko, asiishie nne. Ahesabu hadi saba, na gia ndogo aiweke akiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka.

Na usiamini mwili wako kukuambia unakwenda kasi gani. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha katika jarida la Nature majaribio yao ya kuendesha kwa mashine ya kuigiza gari: kadiri picha ilivyozidi ukungu, madereva walijiona wanakwenda polepole, wakaongeza mwendo. Mwaka 2012 watafiti wengine, katika jarida la eLife, wakaonyesha kinyume chake: kwamba ukungu ukiigizwa kama ulivyo kweli, wa mbali ukiwa mzito kuliko wa karibu, dereva hujiona anakwenda kasi, akapunguza. Wanasayansi wanaweza kuendelea kubishana. Dereva anachopaswa kuchukua hapo ni kwamba hisia zinadanganya, huku au kule. Kila baada ya muda mfupi tupia jicho spidi kwenye dashibodi.

Ndugu zetu wanaoendesha Abu Dhabi wanajua utaratibu wa kule: ukungu ukishuka, vibao vya umeme barabarani hushusha kikomo hadi kilomita 80, hata kwenye barabara ambazo kwa kawaida huruhusu 120 au 140. Wamarekani nao walijifunza kwa uchungu. Tarehe 11 Desemba 1990, karibu na mji wa Calhoun, Tennessee, magari 99 yaligongana kwenye ukungu na watu 12 wakafa. Baada ya hapo kipande hicho cha barabara kiliwekewa vifaa vya kupima ukungu na vibao vya kuwaonya madereva. Sisi huku milimani vibao vya namna hiyo hatuna. Kibao chako ni ile hesabu ya nne. Na kwa madereva wa mabasi niseme wazi: kifaa cha VTS, kile cha kufuatilia mwendo wa basi, hulia likizidi mwendo ulioruhusiwa, lakini hakijui kama mbele kuna ukungu. Kunyamaza kwake si ruhusa.

Nije kwenye taa, maana hapa ndipo makosa yalipo mengi. Taa za ful kwenye ukungu ni adui yako. Yale matone yanayoelea huupokea mwanga na kukurushia usoni, kwa hiyo ukiongeza taa unaongeza ukuta. Weka dimu. Ukiwa na taa za ukungu, zile zinazokaa chini kwenye bampa, ziwashe, kwa sababu mwanga wake ni mpana na unapita chini karibu na lami. Spoti za juu ya paa zizime kabisa. Kuna wanaobandika karatasi ya njano kwenye taa kubwa wakiamini njano inapasua ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi. Yanaitawanya njano kama yanavyoitawanya nyeupe. Kinachosaidia ni taa kukaa chini na kuelekezwa vizuri. Hiyo karatasi inakupunguzia mwanga tu.

Taa za mbele ni za wewe kuona. Taa za nyuma ni za wewe kuonekana, na kwenye ukungu huenda hizo ndizo zenye thamani zaidi. Magari mengi ya siku hizi huwasha taa ndogo nyeupe za mbele zenyewe mara injini inapowaka. Dereva anauona mwanga mbele, anadhani amewasha taa, kumbe nyuma ni giza tupu. Washa taa kwa swichi yake, shuka, zunguka gari, uone kwa macho yako. Kama gari lako lina taa nyekundu kali ya ukungu upande wa nyuma (mengi yaliyotengenezwa Ulaya yanayo, mengi ya Kijapani hayana), iwashe ukungu ukiwa mzito na uizime ukitoka, maana mahali peupe inamuumiza macho anayekufuata. Chukua pia kitambaa ukafute tope. Lori linalotoka shamba la chai au kwenye barabara ya vumbi taa zake za nyuma huwa zimepakwa udongo, na utingo mwenye kitambaa kilicholowa anaokoa maisha ya watu ambao hatawaona kamwe.

Kuhusu hazadi najua nitapingana na wengi, kwa sababu milimani kwetu imekuwa desturi kuziwasha ukungu ukianza na kwenda nazo. Mimi sizikubali gari likiwa linatembea. Ukiwasha zote nne, aliye nyuma hajui unapotaka kukata kona. Baya zaidi, hajui kama unakwenda au umesimama. Magari yote yakiwa na hazadi, lile lililoharibika kweli katikati ya barabara linafanana na mengine. Ziweke akiba kwa ajili ya kusimama, au kwa ule wakati unapofunga breki ghafla na unataka kumwamsha aliye nyuma yako.

Kuna ukungu mwingine ambao hauko barabarani, uko ndani ya gari. Abiria kumi na wanne kwenye Hiace, wengine wamelowa manyunyu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi: pumzi zao zote zinakwenda kukaa kwenye kioo cha mbele. Nimeona madereva wakifuta kwa kiganja, kwa kofia, kwa gazeti, mkono mmoja kwenye usukani. Washa kiyoyozi pamoja na hewa ya moto. Kiyoyozi hukausha hewa, joto hupasha kioo. Elekeza upepo wote kwenye kioo, kisha tazama kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake: kizime, ili hewa ya nje iingie. Gari lisilo na kiyoyozi lifunguliwe madirisha mawili kidole kimoja au viwili, la kulia na la kushoto. Abiria wakilalamika baridi, waeleze sababu. Usiku wa kuamkia safari unaweza kupaka kioo kwa ndani sabuni kidogo sana ya maji, ukaifuta kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kiwe safi. Matone hayatajikusanya kirahisi. Waipa ziendeshe polepole, na kama mpira wake umekakamaa unapiga mistari, badilisha kabla ya masika kwisha. Usingoje Juni.

Zima redio. Kwenye ukungu sikio hufanya kazi ya jicho, na dirisha lililo wazi kidogo litakuletea mngurumo wa lori linaloshuka kabla hujaiona taa yake. Kuovateki usikufikirie hata kidogo. Kama unatakiwa kukata kulia na kuvuka njia ya wanaokuja, na huoni, pita. Nenda mbele hadi penye nafasi na uwazi, geuza hapo, urudi. Umepoteza dakika tano.

Huenda ukafika mahali ambapo hata kilomita ishirini kwa saa ni nyingi. Hapo simama, lakini usisimame barabarani, na bega la barabara nalo ni barabara kwa mtu asiyeona. Tafuta kituo cha mafuta, uwanja wa shule, mbele ya duka la mtu, popote palipo nje kabisa ya njia. Ukishajitoa, zima taa kubwa na zile nyekundu za nyuma ili mwingine asizifuate akakugonga, kama nilivyokaribia kufanya mimi. Gari likikufia barabarani bila kutaka, washa hazadi, watoe watu wote upande wa kushoto, wapeleke mbali na gari, juu ya kingo ya mtaro. Wasikae ndani wakijikinga baridi. Kisha peleka pembetatu nyuma, hatua mia moja au zaidi, ukitembea nje ya lami huku umeinua tochi au simu iliyowashwa. Matawi ya miti tunayotandaza barabarani, desturi yetu ya miaka yote, mchana mweupe yanasaidia. Kwenye ukungu jani bichi lililolala kwenye lami nyeusi halionekani mpaka limo chini ya tairi.

Nisiwasahau wanaotembea kwa miguu, kwa sababu hao hawana bampa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ukungu ni mzito kuliko saa zote, ndio wakati watoto wa shule wako barabarani. Wamevaa masweta ya buluu iliyokoza au kijani cha giza, wawili wawili, kofia zimefunika masikio, wanapiga soga. Unawaona wakiwa mita kumi na tano. Mzazi wa milimani, mshonee mwanao kipande cha kitambaa cha kuakisi mwanga mgongoni mwa sweta na kwenye mfuko wa madaftari; kama hujakipata, hata kitambaa cheupe ni bora kuliko giza. Mfundishe atembee upande wa kulia, akiyatazama magari yanayokuja, nje ya lami. Na wewe wa bodaboda, kizibao cha kuakisi ulichokifunga kwenye tangi la mafuta kivae mwilini.

Abiria naye ana kauli. Umelipa nauli, hujauza roho. Dereva akikimbia kwenye ukungu, mwite konda kwa adabu, mwambie, "Kaka, mwombe dereva atupunguzie, sisi hatuna haraka." Sema kwa sauti ya kusikika ili wengine waitikie, mara nyingi basi zima lilikuwa linangoja mtu mmoja aanze. Nimeona dereva akipunguza papo hapo, na nadhani naye alikuwa anatafuta sababu.

Ukichunguza ajali nyingi za ukungu utakuta nyuma yake pana saa: miadi ya daktari, samaki wa Kyela wanaoharibika, foleni ya mpakani Kasumulu, bosi anayepiga simu kila baada ya robo saa. Mimi siku ile nilikuwa naikimbilia saa mbili, na tulipofika, saa tatu kasoro, muuguzi alimwandika mama bila kuuliza neno. Kwa hiyo, kabla ya kulala, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Wakitaja ukungu maeneo ya milimani, panga kuchelewa. Na asubuhi, kabla hujawasha gari, mpigie anayekungoja umwambie utafika saa moja baadaye.